Maua ya Shaba na Mboga Zetu

Mwezi huu tunawaalika kutembea kidogo. Wengi wetu hatutafika Kisantu, kule Kongo-Central, kuona bustani kubwa ya mimea iliyoanzishwa na Frère Gillet, Mjesuiti. Nauli peke yake inamaliza mshahara. Lakini hapa Lubumbashi kuko bustani ingine. Haina ukuta, haina mlinzi, na tiketi hawakuulizi. Njoo mwezi wa nne, wakati mvua inakatika.

Simama Penga-Penga, uangalie bomba refu la Gécamines. Kiwanda kile kilianza kuyeyusha shaba mwaka wa 1911, mawe yakitoka Étoile, ile mine wazee wanaita Kalukuluku. Kwa miaka mingi upepo wa kusini-mashariki ulisukuma moshi upande huu. Miti ikakufa, nyasi ikakufa, bulongo ikabaki uchi. Sasa angalia chini, karibu na viatu vyako. Kuna kimea kifupi chenye maua madogo ya zambarau, wa jamaa moja na lumba-lumba tunayoijua. Watu wa vitabu wanakiita Haumaniastrum katangense. Wengine wanasema tu ua la shaba. Kinakaa fasi mimea mingine inashindwa. Hata wachunguzi wa mambo ya kale walikifuata, wakagundua fasi wazee wetu walikuwa wanayeyusha shaba mbele ya mzungu kufika. Kwenye vilima vya shaba vya Katanga zimehesabiwa aina zaidi ya 600 za mimea, na 30 hivi kati yao hazipatikani popote pengine duniani. Kilima kikichimbwa chote, zinakwenda pamoja nacho.

Najua mama mwenye kikapu ataniuliza: «Maua hatukule. Mboga je?» Ndipo hapo nataka kufika.

Mwezi wa tano, kila bonde lenye maji linageuka bustani. Asubuhi mapema mabidoni yanashuka mtoni, vijana wa kwaya wanasaidia mama zao mbele ya kwenda masomo, mtu anaomba mbegu ya shu kwa jirani, na kesho analipa na miche ya tomati. Mwezi wa sita na wa saba baridi inauma. Lenga-lenga inachelewa, lakini shu inafurahi. Ni wakati mzuri wa kulima. Ni wakati wa vumbi pia, kwani mvua haioshi tena majani, na malori ya mawe yanapita mchana na usiku.

Mimi mwenyewe nilipanda lenga-lenga fasi maua yale yalikuwa yamejaa, sababu hakuna mtu aliyeidai. Ikatoka manjano, na mizizi mifupi sawa vile imekataa kushuka. Mzee jirani akacheka: «Maua yalikuambia, papa, wewe hukusikia.»

Kwa hiyo, mbele ya kutia jembe, angalia kwanza nini kinaota. Ukikuta ua la shaba, liachie fasi yake. Lakini usiwaze kwamba pasipo ua bulongo ni safi. Shaba na kobalti hazionekani kwa macho. Uliza maji yako yanatoka wapi. Kama huko juu watu wanaosha mawe ya mine, usinyweshe nayo mboga, na wewe kijana mchimbaji, usilete kuosha mawe kwenye kijito cha mama yako.

Lenga-lenga na shu zinavuta madini ndani ya majani kuliko tomati inavyoyatia katika tunda lake. Bulongo yetu ina ukali. Chokaa na mbolea ya takataka zilizooza vinaupunguza, na madini yanapata shida kuingia katika mizizi. Pale pale Penga-Penga, wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walitumia hivyo hivyo, chokaa na mbolea, wakafaulu kurudisha nyasi juu ya bulongo ile uchi. Funika matuta na nyasi kavu badala ya kuzichoma. Upande wa barabara panda migomba, ishike vumbi.

Jikoni, osha majani mara tatu kwa maji safi. Hiyo inaondoa vumbi. Kile kilichopanda kwa mizizi, maji hayakiondoi, wala moto. Ndiyo maana fasi ya kulima ina maana kuliko sufuria, zaidi kwa nyumba yenye watoto wadogo.

Mvua ya kwanza ya mwezi wa kumi inadanganya. Mahindi yangojee ile ya mwezi wa kumi na moja. Na mwezi wa nne ukirudi, peleka watoto waone maua. Wachukue maji ya kunywa na kofia. Penga-Penga kivuli kingali kidogo.