P0011, na kwa nini sensa mpya haikusaidia

Leo naweka programu kando kidogo. Nataka tuongee juu ya injini ya Toyota Probox, ile wanayoiita 1NZ-FE, ya 1.5. Nimeishi nayo wiki tatu hapa Kibwezi, na ugonjwa wake ni ule ule tunaoujua sisi watu wa kompyuta: hitilafu inafutwa, inarudi, inafutwa tena, na hakuna anayeuliza inatoka wapi.

Gari ni la mjomba wangu. Hubeba abiria na magunia ya ndengu kati ya Kibwezi na Mutomo, kwenye barabara ya kwenda Kitui. Tangu mwaka jana taa ya injini ilikuwa ikiwaka, gari linakosa nguvu, na likisimama bila kuzimwa linatetemeka kama mtu mwenye malaria. Karakana moja ilimbadilishia sensa ya kamshafti mara mbili. Kila mara taa ilizimika siku tatu nne, kisha ikawaka tena. Mara ya tatu akaambiwa injini imekwisha, anunue nyingine iliyotumika kutoka Japani, zaidi ya shilingi elfu sabini. Mzee akaanza kutafuta mnunuzi wa ng'ombe wawili, ng'ombe ambao ndio karo ya binamu yangu. Ndipo akanipigia simu: "Mpwa wangu, si ulisomea kompyuta? Basi wanasema hili gari nalo lina kompyuta."

Ni kweli linayo. Na kompyuta hiyo ilikuwa imesema jambo ambalo hakuna aliyelisikiliza mpaka mwisho.

Kwa ufupi: kamshafti ni mti wa chuma wenye nundu, na nundu hizo ndizo zinazofungua vali. Unavutwa kwa cheni kutoka kwenye krankshafti, nao huzunguka mara moja kila krankshafti inapozunguka mara mbili. Katika injini za VVT-i kompyuta inaweza kuusogeza mti wa vali za kuingiza hewa, mbele au nyuma kidogo, gari likiwa linakwenda. Kinachousogeza si umeme, ni shinikizo la oili. Umeme kazi yake ni kufungua vali ndogo (mafundi wetu huiita solenoidi) inayoamua oili ipite upande gani. Sensa zinapima, kompyuta inalinganisha kilichoamriwa na kilichotokea.

Sasa P0011 maana yake ni hii: kamshafti imetangulia kuliko nilivyoamuru. Soma tena. Haisemi sensa imekufa. Sensa ikikatika mawasiliano, kwa kawaida utaona P0340. Hapa sensa ni shahidi tu, na shahidi huyo alifukuzwa mara mbili kwa kusema ukweli!

Kuna jambo jingine lililoniudhi zaidi. Taa inapowaka, kompyuta ya gari huhifadhi picha ya hali ilivyokuwa wakati ule: mwendo, joto, mizunguko ya injini. Kwa mwandishi wa programu hiyo ni dhahabu. Lakini ukibonyeza kitufe cha kufuta msimbo, picha nayo inafutika. Karakana ilifuta ushahidi mara tatu, tena kwa malipo.

Nilitumia kifaa kidogo cha Bluetooth chenye chipu ya kuiga ELM327. (Kampuni ya Kanada iliyobuni chipu hiyo ilifungwa mwaka 2022, lakini nakala zake zimejaa kila mji.) Maswali unayotuma ni herufi na namba tu. Ukiuliza joto la maji unajibiwa kwa namba za msingi wa 16: 82 ni 130, toa 40, unapata nyuzi 90. Mizunguko ikija 0B 04 ni 2820, gawa kwa 4, ni 705 kwa dakika. Nikamwomba mjomba asiruhusu mtu yeyote kufuta kitu bila mimi. Tukapata picha tatu kwa siku tisa. Zote tatu: mwendo sifuri, nyuzi kati ya 88 na 93, mizunguko mia saba na kitu. Yaani gari limetoka safari ndefu, limefika stendi, linanguruma tu likisubiri abiria. Asubuhi likiwa baridi, hakuna shida kabisa.

Nikazipeleka picha kwa fundi mmoja wa hapa mjini, mzee anayesikiliza injini kwa bisibisi iliyobanwa sikioni. Hakuangalia simu yangu. Alichomoa kijiti cha oili, akanusa, akasugua kati ya vidole. "Hii ni lami," akasema.

Hata hivyo tulipima. Solenoidi ilikuwa na omu 7.3, na inatakiwa iwe kati ya 6.9 na 7.9 ikiwa baridi, kwa hiyo umeme wake ni mzima. Injini ikiwa moto tukachomoa waya wake. Mtetemeko haukubadilika, maana yake imekwama ndani. Tukafungua kifuniko cha juu na kulinganisha alama za cheni: zimekaa sawa. Hapo nilipumua, maana cheni ikiruka meno vali zinaweza kugongwa na pistoni, na hapo ng'ombe wangekwenda kweli. Solenoidi ilipotoka, pini yake na kichujio chake cha wavu vilikuwa vimejaa uji mweusi. Tukasafisha, tukarudisha, gari likatulia.

"Itarudi," fundi akasema kabla hata hajafunga boneti. Uji ule ulikuwa umebaki kwenye injini nzima. Mjomba alikuwa akinunua oili ya kupimiwa kwa kopo, nzito, isiyo na jina, na kuongeza tu bila kumwaga ya zamani. Kitabu cha gari ni cha Kijapani, lakini 5W-30 imeandikwa humo kwa tarakimu tunazozisoma sote. Siku kumi na moja baadaye taa ikawaka, picha ni ile ile. Ndipo mjomba akakubali kununua oili ya chupa iliyofungwa: kumwaga yote pamoja na kichujio, kilomita 1,000, kumwaga tena, solenoidi kusafishwa mara ya pili.

Amekwenda kilomita 2,600 tangu hapo, Mutomo na kurudi, taa haijawaka. Ng'ombe wako zizini.

Fundi sasa anataka kifaa chake mwenyewe. Namwandikia programu ndogo ya simu, misimbo ielezwe kwa Kiswahili, na kitufe cha kufuta kisifunguke mpaka picha iwe imehifadhiwa. Ameshaanza kulalamika kwamba maandishi ni madogo.