Sauti ya Mama Ndani ya Kamera

Akina mama wenzangu, mwaka 2009 kamera yetu ya video ilijaa. Diski yake ya GB 30 ilitosha saa saba hivi za picha safi. Fundi alileta ya GB 60, umbo lile lile, akashika bisibisi.

"Ngoja, mwanangu! Mama yumo humo."

Marehemu mama yangu, akimbembeleza kitindamimba wangu. Diski mpya huingia tupu. Picha za zamani hazihami zenyewe. (Wodini hatumhamishi mgonjwa kabla ya kumtayarishia kitanda.) Tukanakili zote kwenye kompyuta kwa waya wa USB, nami nikafungua kipande chake kuhakikisha. Katikati ya wimbo alikohoa, mara tatu. Mimi muuguzi, sikuwahi kukijali kikohozi kile.

Diski ya zamani iko kabatini, nimeifunga katika leso yake.