Kuchemsha kwa Nyuzi 94

Nilipokuwa mtoto, miaka ya 1980 ikianza, sikumjua dereva wa Mathira aliyepanda kutoka Sagana kuja Karatina bila mtungi wa maji nyuma ya kiti. Sagana iko kwenye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukifika Nyeri mjini umekaribia 1,800, na mwinuko huo unaupanda kwa gia ndogo, gari limesheheni. Matatu za Peugeot 404 na 504, pikapu za kabichi, malori ya mbolea, yote yalikuwa na sehemu zake za kusimama. Boneti inafunguliwa, mvuke unapaa, abiria wanashuka kujinyoosha, na watoto wa kando ya barabara wanakuja mbio na maji kwenye mikebe ya Kimbo. Hakuna aliyeuliza kwa nini limechemsha. Limepanda mlima, jibu lilikuwa hilo.

Baba alinunua pikapu yake ya 404 kwa pesa za kahawa. Baridi kali ilikuwa imeunguza mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ikapaa duniani kote mwaka uliofuata na wa 1977, na magari yakaanza kuonekana kwenye maboma ambayo awali yalikuwa na baiskeli tu. Alitaka 404 hasa, kwa sababu ilikuwa imeshinda Safari Rally mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo, 1966 hadi 1968. Gari lililoyashinda matope yale lingeshindwaje kubeba viazi hadi Nairobi?

Lilichemsha kama mengine. Na ujuzi wa kulitibu ulikuwa wa barabarani: yai bichi ndani ya rejeta ili lizibe tundu, sabuni ya kipande ikisuguliwa kwenye ufa, gunia bichi juu ya kifuniko kabla ya kukilegeza. Rejeta yenyewe ilikuwa ya shaba. Ikizidiwa, fundi wa Karatina aliyeyusha lehemu, akaitoa sehemu ya juu, akapitisha ukanda mwembamba wa chuma kwenye kila kijia hadi uchafu wa Mto Ragati utoke. Nilipenda kumtazama. Ile ilikuwa kazi safi ya mikono, na naona huzuni kwamba wanaoijua leo wamebaki wachache.

Ushauri mmoja wa mafundi hao, hata hivyo, ulitugharimu miaka: themostati itolewe. Ilisemekana ni kifaa cha Ulaya, cha nchi za theluji, na huku kwetu kinazuia maji tu. Ikatolewa. Sasa Mathira ya mwezi Julai, ukungu umelala hadi saa nne asubuhi, si mahali pa kuendesha injini isiyopata joto. Pikapu ilikunywa petroli nyingi, ikatoa moshi mweusi kila asubuhi, na ikiupanda mlima mchana bado ilichemsha.

Jibu nililipata darasani. Mwalimu wetu wa fizikia aliweka kipimajoto kwenye maji yanayotokota, akatuita mmoja mmoja tusome. Kilisimama kwenye nyuzi 94 za Selsiasi, na moto tulioongeza haukukisogeza. Kadiri unavyopanda, alisema, uzito wa hewa juu ya maji unapungua, nayo yanachemka mapema. Mombasa ni nyuzi 100, Nanyuki ni 93 na kidogo. Nikaelewa kwanza kwa nini githeri ya nyumbani hukesha mekoni. Halafu nikaifikiria ile 404.

Kifuniko cha rejeta si kizibo. Kina springi na mpira, na kazi yake ni kuyabana maji ili yapate joto bila kugeuka mvuke. Kifuniko cha kawaida cha magari ya Kijapani kimeandikwa 0.9 au 1.1, yaani karibu uzito wa hewa yote ya pwani ukiongezwa ndani ya rejeta. Kikiwa kizima, cha 0.9, maji ya gari lililoko Nyeri hayachemki hadi yafike nyuzi 115 hivi. Kikiwa kimechoka, yanachemka kwa 94, na injini nyingi hufanya kazi palepale kwenye 90. Kwa dereva wa pwani pengo hilo ni pana kidogo. Kwetu ni nyuzi nne! Kifuniko cha pikapu yetu kilikuwa kimepoteza mpira wake zamani, na mahali pake palikuwa na kipande cha mfuko wa plastiki. Baba alinisikiliza hadi mwisho, akanunua kingine. Pikapu ikaacha kuchemsha kwenye milima mingi, ingawa mtungi haukuondoka nyuma ya kiti.

Magari yakabadilika. Uagizaji ulipolegezwa miaka ya 1990, Toyota na Nissan zilizotumika Japani ziliingia kwa wingi, na chini ya boneti karibu kila kitu kilikuwa kingine: rejeta ya alumini yenye ncha za plastiki, isiyolehemika, feni ya umeme badala ya ile ya mkanda, na kulanti nyekundu au ya kijani badala ya maji. Tuliendelea kuyatunza kama Peugeot. Kulanti ikipungua tuliongeza maji ya mfereji, ya kisima, ya mto, hadi rangi ikapauka na dawa ya kuzuia kutu ikaisha. Alumini haivumilii hayo. Inaliwa polepole kutoka ndani.

Siku hizi gari likinisumbua naanza uani, asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Nafungua kifuniko, natazama kiwango na rangi, napapasa mpira wa springi. Natafuta alama nyeupe zilizokauka kwenye viungo vya mipira, na tone chini ya pampu ya maji, kwenye kile kitundu kidogo kilichowekwa makusudi ili pampu ikichoka ijulikane. Kifuniko kikiwa wazi bado, nawasha. Mapovu yasiyoisha yananipeleka kwenye hedi gasketi, na kama oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, hakuna tena la kujadili. Gari linalochemsha kwenye foleni na kupona likikimbia lina kasoro ya feni: fyuzi, relei au mota yenyewe. Linalotulia mjini na kuchemsha mlimani lina rejeta iliyoziba au maji yasiyozunguka. Mpira wa juu ukiunguza na wa chini ukabaki baridi, themostati imekwama. Kulanti ya zamani naimwaga kwenye dumu, kamwe si mtaroni, kwa sababu ni sumu yenye ladha tamu na mbwa huilamba.

Kuna jambo la themostati ambalo ningependa kila fundi wa mlimani alisikie. Wengi huijaribu kwa kuitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayochemka, na isipofunguka vizuri wanaitupa. Lakini ya Toyota iliyoandikwa 82 huanza kufunguka kwenye 82 na kumaliza kwenye 95 hivi. Sufuria ya Nyeri haifiki 95. Iliyoandikwa 88 itaonyesha mwanya tu, na ya nyuzi 95 ya baadhi ya magari ya Ulaya haitasogea. Nzima nyingi zimetupwa hivyo. Weka kipimajoto ndani ya sufuria, angalia inaanza wapi, uilinganishe na namba iliyochongwa juu yake.

Mpwa wangu, anayesoma uhandisi Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, alichomeka kijidude cha kusoma kompyuta ya gari chini ya usukani wa Toyota Fielder yangu na tukapanda kutoka Sagana, yeye akisoma simu. Joto la kulanti lilitoka 88 likafika 97, sindano ya dashibodi haijaondoka katikati. Sindano hizi zimetengenezwa hivyo makusudi, zisimtie dereva wasiwasi, na magari madogo kama Vitz mengi hayana sindano kabisa: taa ya buluu, kisha siku moja nyekundu. Peugeot ya baba ilitupigia kelele na mvuke maili nzima kabla ya kuharibika. Haya ya sasa ni lazima uyaulize mwenyewe, mapema.

Mwezi uliopita mpwa huyo aliletewa Toyota Aqua na jirani. Nilitafuta mkanda wa pampu ya maji nisiuone. "Anko, haina mkanda," akasema. "Pampu ni ya umeme. Na kuna kulanti nyingine, ya inveta peke yake." Aliwasha gari, injini ikiwa kimya, akafungua kile kichupa cha pili na kunimulikia kwa simu. Maji yakivuruga ndani, pampu inafanya kazi. Yakitulia tuli, usiliondoe gari.

Yalikuwa yametulia. Tukaanza na fyuzi.