Hatukuwa Tumebuku Popote

Wasee, ile video ya mto mliisifu sana imekatwa. Sehemu yenyewe haikuingia, kwa sababu wakati huo nilikuwa nimezima kamera na tulikuwa tunagombana.

Tulitoka Nairobi Ijumaa Kuu tukiwa watatu, na Probox ya binamu yangu ikivuta trela ndogo ambayo fundi wa jua kali alituchomelea kutoka kwa ekseli kuukuu. Ndani tulikuwa na hema mbili, jiko, dumu la maji na sufuria ya mathe.

Kutobuku ilikuwa idea yangu. Tangu niache chuo mwaka wa pili, kila mtu kwetu huniuliza mpango ni gani, hata kwa salamu. Basi hii safari nilitaka isiwe na mpango. Tungefuata mto tu na pahali patapatikana.

Thika, Kenol, Makutano, Sagana. Ni karibu kilomita mia moja, na kambi ziko kwa sababu watu huja kupiga rafti. Lakini ni Pasaka! Ya kwanza imejaa. Ya pili imejaa, na soja wa geti akaicheka trela yetu. Ya tatu ilikuwa na nafasi, ila bei ingemaliza pesa ya mafuta ya kurudi.

Na kila geti ukifukuzwa lazima urivasi. Kama hujawahi kurivasi na trela, ukipinda usukani kushoto, trela inaenda kulia. Ukijaribu kurekebisha inajikunja kama kiwiko. Binamu yangu alitoa jasho mpaka akavua shati, na watoto wa kijiji wakawa wanampigia makofi.

Saa kumi na mbili hivi tukapata njia ya ng'ombe inayoshuka mtoni. Chini kulikuwa na mchanga msafi, tambarare, na geti hakuna. Nikaona nimeshinda. Tukapika ugali, sufuria tukailoweka pale ukingoni.

Akatokea shosho mmoja na mzigo wa majani ya ng'ombe mgongoni.

"Mmeuliza nani?"

"Pole shosho, tulidhani hapa hakuna mwenyewe."

"Hapo ni pa mto. Umetoka tu kidogo." Akanionyesha matawi juu ya hema. Kulikuwa na nyasi kavu zimenaswa huko, juu kuliko kichwa changu. "Unadhani nani aliziweka?"

Nikamwambia hapa hakujanyesha siku nzima. Akageuka akaangalia upande wa Mlima Kenya, ambako kulikuwa keusi kabisa. Sagana hutoka huko.

Binamu yangu akakataa kuhama. Kurivasi kule juu gizani? Hapo ndipo tuligombana. Mimi nilikuwa nakumbuka Mei 2024, mto Talek ulipofurika kule Mara na watalii wengine wakatolewa na helikopta. Hao walikuwa wamebuku, wamelipa, wana hadi vitanda. Sisi hata hakuna mtu alijua tuko wapi. Sikuwa nimemwambia mathe, kwa sababu angeniuliza mpango.

Mwishowe tulitoa trela kwenye gari, tukaisukuma kwa mikono, na shosho akituongoza na tochi ya kabambe. Tulilala kando ya zizi lake. Tulipotaka kumtumia pesa alikataa, akasema asubuhi tutamkatia majani.

Usiku nilisikia mto umebadilisha sauti. Kwanza nilidhani ni lori barabarani.

Asubuhi mchanga haukuwepo. Maji ya rangi ya chai yalikuwa yamefika kwa shina la ule mti, na magogo yanapita. Binamu yangu aliangalia tu, kisha akachukua panga akaenda kukata majani bila kuongea. Alikata mpaka shosho akamwambia yametosha.

Mathe, kama unasoma hii, sufuria yako pengine imefika Masinga.