Kompyuta ya Marehemu na Dhana Mbaya



Katika mambo yanayovunja nyumba za Waislamu upesi, ni machache yanayoishinda dhana mbaya. Mali ikipotea hutafutwa ikapatikana. Lakini jina la mtu likisha kuchafuliwa, hata akibainika baadaye kuwa hana hatia, huwa limekwisha kupita katika vinywa vingi. Qur'ani Tukufu imetuonya juu ya jambo hili katika Sura Al-Hujurat: katika aya ya 6 twaamrishwa kuichunguza khabari kabla ya kuifanyia kazi, na katika aya ya 12 twakatazwa kufuata dhana. Nataka kueleza namna nilivyoyaona mafunzo hayo mawili mahali nisipoyatazamia, nayo ni ndani ya kompyuta kuukuu, hapa kwetu Dodoma.

Alifariki mzee mmoja mfanyabiashara wa Majengo, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa akiuza nafaka na mafuta ya alizeti, akiwakopesha wakulima na yeye mwenyewe akikopa kwa wenye maghala. Madeni yake yote, anayodai na anayodaiwa, aliyaandika katika kompyuta ya mezani iliyokuwa dukani kwake kwa miaka mingi. Nawe wajua kuwa katika sheria yetu mali ya maiti hutolewa kwanza gharama za maziko, kisha hulipwa madeni yake, kisha hutimizwa wasia wake usiozidi thuluthi, na ndipo warithi hupewa mafungu yao. Basi kompyuta ile haikuwa chombo tu. Ndani yake mlikuwa na dhima ya marehemu.

Zilipopita wiki sita warithi walikusanyika kuifungua, nayo ikakataa. Alama ya programu ilionekana, kioo kikawa buluu kwa muda wa kufumba na kufumbua, kisha mashine ikazimika na kuanza tena, na tena, bila kufika popote. Fundi mmoja akasema kuwa yaliyomo yameharibika, na kwamba dawa yake ni kufuta diski na kuweka programu upya, jambo ambalo vijana wa mjini huliita "kupiga windo". Hapo macho yote yakamgeukia mpwa wa marehemu, yatima aliyelelewa katika nyumba ile, kwa kuwa yeye ndiye aliyeitumia mara ya mwisho. Ikasemwa kuwa alikuwa na deni kwa mjomba wake, na bila shaka amelifuta.

Nilipoitwa, mtoto mkubwa wa marehemu aliniambia, "Ustadh, hatuhitaji ushahidi mwingine. Ufunguo wa duka alikuwa nao yeye."

Mama yake, aliyekuwa katika eda, akasema kutoka nyuma ya pazia, "Mwanangu, subiri. Mwache Ustadh aangalie kwanza."

Ndugu msomaji, kutafuta ugonjwa wa mashine kuna adabu zake. Huanza nje kabla ya kuingia ndani. Huanza na jepesi kabla ya zito. Hubadili jambo moja tu kwa wakati mmoja, ili ujue ni lipi lililoleta nafuu. Na jambo lisiloweza kurudishwa huliweka mwisho kabisa. Kufuta diski ni jambo lisilorudishika. Na kumfukuza yatima nyumbani kwa tuhuma ya wizi ni kama hilo, au zaidi.

Nikaanza na umeme. Waya ulikuwa mzima, na feni ilizunguka vizuri, basi nikajua kuwa umeme wa volti 230 wa nyumba zetu unaingia na unafika. Nikachomoa waya, nikabonyeza swichi kwa sekunde chache ili umeme uliobaki ndani uishe, kisha nikagusa bati la kasha. Mji wetu uko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,100, na mvua zake huja kati ya Desemba na Aprili. Miezi mingine hewa ni kavu, na mwili wa mtu hukusanya umeme mdogo unaoweza kuua viungo vya kompyuta. Kisanduku cha kupokelea umeme sikukifungua, kwani huweza kubaki na umeme wa hatari hata waya ukichomolewa.

Ndani nilikuta vumbi jekundu la kiangazi limetanda. Nikalipangusa kwa brashi laini, nikatoa vibao vya kumbukumbu ya muda, viitwavyo ramu, nikasugua meno yake kwa kifutio cha penseli na kuvirudisha. Nikaiwasha, ugonjwa ukawa ule ule. Hata hivyo kazi haikupotea, kwani kulijua lisilokuwa sababu nako ni elimu. Nikaiwasha tena, mara hii nikisoma maneno yanayopita kabla ya ile alama kutokea. Mashine ilikuwa ikisema kuwa imepoteza tarehe. Saa yake ilisoma mwaka 2009. Hapo nikapata ncha ya uzi.

Katika ubao mama wa kompyuta mna betri ndogo ya duara mfano wa sarafu, ya volti 3. Kazi yake ni kuiendesha saa, na katika mashine nyingi za zamani kuhifadhi mipangilio ya mwanzo, wakati waya umechomolewa. Mashine ikiwa imeunganishwa na umeme, hata kama imezimwa, betri hiyo hupumzika. Ikichomolewa, betri hubeba mzigo peke yake, na ikiwa imezeeka hufa. Nayo ikifa, mipangilio hurudi kama ilivyotoka kiwandani.

Nikauliza, "Ni nani aliyechomoa waya huu?"

Mtoto mkubwa akajibu, "Ni mimi, siku ya maziko, kwa kuogopa moto."

Wala hakutenda kosa. Alilinda mali ya baba yake. Lakini katika wiki zile sita betri ilikufa, na mashine ikasahau namna iliyozoea kuisoma diski yake. Nikaweka betri mpya, nikarekebisha tarehe, nikairudisha namna ile ya kusoma diski. Ikaamka. Kabla ya mtu yeyote kusoma neno, nilinakili hesabu zote katika flashi mbili, moja kwa mjane na moja kwa mtoto wake. Kisha tukafungua. Deni la yule kijana lilikuwepo, pamoja na tarehe yake, halikupungua hata senti moja.

Mtoto mkubwa akanyamaza kitambo. Kisha akaagiza waitwe wote waliosikia tuhuma ile, akamwomba ndugu yake radhi mbele yao. Alifanya vyema, kwani tuhuma iliyotolewa hadharani haisafishwi faraghani.

Nawausia wenye nyumba mambo matatu. La kwanza, aya ya 282 ya Sura Al-Baqara imetuamrisha kuyaandika madeni na kuweka mashahidi. Kompyuta huandika, lakini haishuhudii. Basi chapisheni hesabu zenu katika karatasi kila mwezi, na mashahidi wawili watie sahihi. La pili, mashine ikikaa miaka mingi, badilisheni betri ile kabla haijafa. Bei yake ni ndogo. La tatu, msimruhusu mtu kufuta diski mpaka imetolewa na kujaribiwa katika mashine nyingine, na kilichomo kikanakiliwa.

Na kama tunaweza kuisubiria mashine hivyo, ambayo haina moyo wa kuumia wala machozi ya kutoka, basi ndugu yetu Mwislamu ana haki zaidi ya kusubiriwa, khasa yatima, ambaye hana baba wa kumsemea.

Mwenyezi Mungu atuepushe na dhana mbaya, na atuwafikishe kulipa madeni yetu kabla ya siku yetu kufika. Amin.