Barua kwa Binti wa Dada Yangu, Juu ya Kinyonga Aliye Chumbani Mwake

Tanga, msimu wa vuli

Mpwa wangu mpenzi,

Mimi ni mzima, mama yako hajambo ila magoti yale yale, na mdogo wako amekwisha kurudi Pemba kwa salama. Habari za nyumbani zatosha kwa hayo, kwani jambo lililonishikisha kalamu usiku huu ni jingine kabisa.

Ijumaa, tulipotoka msikitini, alinijia jirani yetu muuza machungwa, ambaye kila juma hupanda huko Muheza kwa biashara yake, akanivuta kando na kunieleza kwamba binti yetu analala chumba kimoja na kinyonga. Kwamba umewanyang'anya watoto wa shule waliokuwa wakimpiga mawe kando ya barabara, jiwe moja likiwa limempata mguuni. Kwamba umemtia katika boksi la viatu na humlisha kwa mkono wako. Kwamba tumbo lake limejaa pande zote mbili, na kila anayemwona husema ana mimba. Na kwamba kuna kijana anayekupitia jioni, akitaka umuuzie, kwa madai kuwa anaijua njia ya kumfikisha kwa watu wa mbali. Ametaja pia, na hili ndilo lililonikosesha usingizi, kuwa wewe mwenyewe umesema utamleta Tanga wakati wa likizo, umwachie juu ya mwarobaini wa uani kwetu.

Kwamba majirani wananong'ona uchawi, hilo halinishughulishi, wala lisikushughulishe. Kisa cha kinyonga aliyetumwa kuwaletea wanadamu habari ya uzima wa milele, akakawia njiani, mjusi akamtangulia na habari ya mauti, kimeenea kwa makabila mengi tangu kusini mwa Afrika hadi huku kwetu, na watu wasioijua asili ya chuki yao humrithisha mtoto jiwe kabla hawajamrithisha akili. Kiumbe yule hana sumu wala mwiba, na anapotanua kinywa kile chekundu na kuzisimamisha ndewe mbili za kisogoni, anafanya hivyo kwa hofu, kwa kuwa mbio hana na silaha hana. Uliposimama kati yake na mawe ulitenda jambo la haki, nami nilipolisikia nilimkumbuka bibi yako, ambaye hakuwa akiruhusu hata chura apigwe katika ua wake. Lakini kuokoa kiumbe ni kazi ya dakika moja, na kumtunza baada ya hapo ni kazi yenye elimu yake, nami ninaiogopa huruma iliyokosa elimu.

Basi nisikilize. Mimba ya kinyonga haijulikani kwa ukubwa wa tumbo peke yake, kwani jike aliyeshiba panzi naye hujaa. Wala usidanganyike kwamba hawezi kuwa na mayai kwa sababu hukumwona dume, maana majike wa jamii hii huweza kuhifadhi mbegu ya dume mwilini kwa muda mrefu baada ya kuachana naye. Usimbonye ubavu kwa vidole ili kutafuta mayai, hadhari sana. Mwangalie mwenendo. Akikataa chakula alichokuwa akikipenda, akaacha tawi lake akashuka chini, naye aghalabu hashuki pasipo haja, kisha akawa anatembeatembea pembeni na kukwangua kwa miguu ya mbele, hapo jua kwamba saa yake imekaribia na kwamba anatafuta kitu kimoja tu, nacho ni udongo.

Kinyonga wetu huyu wa pwani na tambarare hazai watoto hai. Hutaga mayai, mara nyingi makumi kadhaa kwa mkupuo mmoja, na hawezi kuyataga popote. Huchimba shimo akitanguliza kichwa, akaingia mpaka asionekane, kisha hugeuka na kutaga humo ndani, hulifukia na kulishindilia kwa miguu hata usitambue kuwa ardhi iliguswa, halafu hupanda mtini akaenda zake asirudi tena. Mayai hukaa ardhini miezi mingi, pengine hata kukaribia mwaka, ndipo watoto huchimbua njia wenyewe. Akikosa mahali pa kuchimba huyazuia, na akiyazuia kupita muda wake huweza kufa nayo. Boksi la viatu, mwanangu, halina udongo.

Haya sikuyasoma katika magazeti. Unajua kuwa nilikuwa karani katika misitu ya Amani, pale Wadachi walipoasisi bustani yao ya utafiti mwaka 1902, na wataalamu waliofika kutafuta vinyonga wa Usambara walizoea kuniuliza mimi njia kabla ya kumwuliza mkubwa wangu. Lakini lile ninalotaka kukusimulia sikuliona kwa wataalamu. Katika miaka ya 1990, wakati wanyama hai wa nchi hii walipokuwa wakiuzwa nje kwa idadi kubwa, mnunuzi mmoja, ambaye jina lake sitaliandika, alikodi nyumba chini ya mlima, akawa analipa watoto fedha kidogo kwa kila kinyonga waliyemletea. Waliletwa katika vifuko vya nguo, wamefungwa mdomo kwa uzi, na humo ndani walikaa mpaka gari lilipopatikana. Bin ami yangu, yule aliyekuwa na kovu juu ya nyusi, alikuwa mlinzi hapo, nami nilikuwa nikimtembelea nitokapo kazini.

Siku hizo kulikuwa na jike mmoja mkubwa, wa rangi ya kijani kibichi, ambaye kwa ukubwa wake hakutiwa mfukoni bali katika kizimba cha waya chenye sakafu ya mbao. Nilimkuta amekwisha kushuka kutoka kijiti alichowekewa, anakwangua ubao ule kwa mguu wa kulia, kisha wa kushoto, anakwenda pembe nyingine na kukwangua tena, na macho yake, ambayo kwa kudura ya Mungu kila moja hutazama upande wake, yote mawili yalikuwa yameelekea chini. Bin ami yangu alimwambia mnunuzi kwamba mnyama huyu anataka mchanga. Akajibiwa kuwa anatafuta pa kutorokea, na kwamba mlinzi amewekwa pale kulinda mlango. Nilipopita tena, rangi ilikuwa imemfifia na alikuwa akifumba macho mchana kweupe, jambo ambalo kinyonga mzima halifanyi. Na siku iliyofuata alikufa. Bin ami yangu alimpasua kwa wembe ili ajue, na ndani mlikuwamo mayai zaidi ya thelathini, yamepangana mithili ya kunde katika ganda lake, yamekamilika yote, hakuna lililopungukiwa ila ardhi ya kuwekwa.

Mnunuzi aliandika hasara katika daftari, akaagiza wengine. Bin ami yangu aliacha kazi ile mwisho wa mwezi, na alikaa muda mrefu bila kupata nyingine, na katika jamaa zetu walikuwapo waliomcheka barazani kwamba ameacha mshahara kwa ajili ya mjusi. Baba yako alikuwa mmoja wao. Ni baba yako huyo huyo aliyeuza minazi ya Pangani pasipo kuniuliza, nami nilinyamaza kwa heshima ya dada yangu. Lakini kicheko kile sijakisamehe, na nimefurahi mno kuona kwamba damu ya yule aliyechekwa ndiyo iliyojitokeza kwako ulipowazuia wale watoto.

Kwa hiyo, kabla hujamaliza kusoma barua hii, mtoe katika boksi. Muuza machungwa amechukua ndoo yangu kubwa, ile iliyovunjika mkono. Ijaze mchanga uliochanganywa na udongo, kina chake kisipungue urefu wa mkono wako kutoka kiwiko hadi kifundo, uulowanishe kiasi kwamba ukiufumbata unashikamana lakini hautoi maji, kwa kuwa mchanga mkavu humporomokea anapochimba. Uiweke uani penye nusu kivuli, uizungushie wavu, usimamishe tawi lenye majani ambalo ncha yake inafika kwenye udongo. Akianza kuchimba, ondoka. Jike anayetazamwa huliacha shimo, na akishaliacha huenda asianze tena, kwa hiyo wafungie mlango wale wanafunzi wako wenye kutaka kuona.

Maji hanywi bakulini. Nyunyizia majani asubuhi na jioni, atayalamba matone. Panzi na nzi wawe hai, wasitoke katika bustani iliyopigwa dawa. Usimwekee mwenzake. Nawa mikono kila umshikapo, maana jamii ya mijusi hubeba vijidudu vya kuharisha. Ule mguu uliopigwa jiwe mwonyeshe bwana mifugo, usiupake mafuta ya mtu yeyote. Na umwarifu afisa wa wanyamapori wa wilaya kwamba unaye na kwa sababu gani, kwani Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haikumpa mtu rukhsa ya kukamata na kufuga apendavyo, na nia njema ni bora ijulikane mapema.

Yule kijana wa jioni mwambie kuwa serikali ilipiga marufuku kusafirisha wanyama hai nje mwaka 2016, na kuwa mjomba wako ameona jinsi wanavyosafirishwa. Asipoelewa, nitapanda Muheza mwenyewe.

Kuhusu mwarobaini wetu, sikubali, na si kwa kukunyima. Kinyonga wa pembe tatu wa nyanda za juu za Kenya, ambaye huzaa watoto hai, alipelekwa Hawaii mwaka 1972 kwa muuza wanyama mmoja. Walifika wamedhoofika, na muuzaji huyo, kwa huruma kama yako, akawaachia katika bustani ya nyumba yake huko Kaneohe ili wapate nguvu. Nguvu walizipata, wakazaana, wakatawanyika, na hata leo wanawala konokono na wadudu wa visiwa vile ambao hawapatikani mahali pengine duniani. Tanga si Hawaii, najua, na jamii ya kinyonga wako ipo hapa tangu zamani. Lakini huyu anaijua miti ya kwake, na uani kwetu kuna paka wawili na kunguru wasiohesabika. Mrudishe pale pale ulipomtoa, hatua chache ndani ya kichaka mbali na barabara, asubuhi jua likiwa limeanza kupasha, akishapona mguu. Hata ukiona mguu umepona naye bado hajataga, usimzuie kwa kusubiri kuyaona mayai. Ardhi ya vuli ni laini, atachimba mwenyewe huko.

Na akitagia katika ndoo, usiyafukue kuyahesabu wala kuyageuza. Iache ndoo kivulini na uniandikie, nitakuja na yule afisa tushauriane pa kuyahamishia.

Muuza machungwa atarudi Jumatano. Mpe jibu la mkono, uniambie kama kinyonga bado yupo juu ya tawi au ameshuka, anakula au amekataa, na kama ndoo imefika haikupasuka njiani. Mama yako anataka limau na iliki, lakini hayo yaweza kungoja.

Wa salaam,
Mjomba wako