Kodi ya miezi sita

Jamani wadau, nimekuwa kimya wiki mbili, nilikuwa natafuta chumba. Hapa Dar mwanachuo ukikosa kitanda hosteli una njia mbili tu: kubebana na mshikaji kwenye kitanda cha futi tatu, au kuingia mtaani.

Nikaingia mtaani. Changanyikeni, Msewe, Makongo, hadi Ubungo Kibangu, kote kwa miguu. Dalali anataka 10,000 ya usumbufu kabla hata hujaona chumba. Ukikipenda, unampa na kodi ya mwezi mmoja.

Lakini kinachotuumiza sio bei. Chumba cha 50,000 kwa mwezi nakimudu. Tatizo ni miezi sita kwa mkupuo: 300,000, ongeza 50,000 ya dalali. Bumu lenyewe linakuja kwa mafungu, na hilo hilo ndilo la kula. Ukilipa yote, unalala pazuri na njaa.

Juzi Msewe nikamkuta mama mwenye nyumba, anaishi humo humo. Nikampa shikamoo yake, nikasema, "Mama, nina ya miezi mitatu tu. Bumu likitoka namalizia." Akaniangalia weee! Akauliza, "Kwenu wapi, mwanangu?" Nikamwambia. Akasema lete, ila saa nne usiku geti linafungwa.

Luku tunachangia wapangaji watano, maji ya ndoo. Poa tu. Mnaotafuta, ulizieni nyumba anayoishi mwenyewe, muongee naye ana kwa ana. Dalali hawezi kukupunguzia miezi, mwenye nyumba anaweza.

Mwenye godoro la ziada anishtue!